Taa ya Breki Niliyompelekea Bi Somoe

Safari hii ilianza kwa barua. Mkwe wangu, Bi Somoe, hakujua kuandika, lakini maneno yake yalijulikana hata yakipita katika mwandiko wa mtu mwingine. Barua ilinifikia Kibiti mkononi mwa utingo wa lori la nazi. Aliyeiandika ni mke wangu Zaituni, lakini aliyesema ni mama yake: "Baba, mtoto ametimiza arubaini salama. Mkeo hajambo. Ila kwenye pikipiki yako hapandi mtu wangu mpaka uitie taa za nyuma za kuonekana. Salamu kwa jirani zako wote."

Ilikuwa mimba ya kwanza, na kama ilivyo desturi, Zaituni alikwenda kujifungulia kwa mama yake, huko nyuma ya Muhoro ambako mto Rufiji unaanza kugawanyika kuingia deltani. Mimi nilibaki Kibiti na kazi yangu ya ubwana shamba. Binti yangu Rehema alikuwa na siku arubaini duniani na sikuwa nimemwona hata unywele. Nyumba ilikuwa imenishinda. Chai niliyojipikia ilinuka moshi, na jioni nilijikuta nazungumza na redio.

Kuwachukua kwa basi kulikuwa na tabu yake. Miaka ile daraja halijajengwa, magari yote yalivuka kwa pantoni pale Ndundu, na pantoni ikiharibika abiria walilala ukingoni na mbu wao. Nilikuwa na pikipiki niliyoinunua kwa mradi mmoja uliofungwa. Injini yake nzima, lakini taa ya nyuma ilikuwa kibalbu kilichojificha kwenye kioo kilichopasuka, hafifu kama kaa la mwisho jikoni.

Bi Somoe hakuwa anadeka. Mdogo wake wa kiume aligongwa kwa nyuma karibu na Ikwiriri, yuko juu ya baiskeli, mchana kweupe, ndani ya vumbi. Barabara haikuwa na lami, na lori moja likipita, nyuma yake huoni mkono wako. "Dereva alilia, akaapa hakumwona," Bi Somoe aliniambia siku ya posa. "Na mie nilimsadiki. Ndiyo maana sina wa kumchukia."

Jumatano asubuhi nilimpelekea pikipiki fundi Hemedi, kwenye kibanda chake nyuma ya soko la Kibiti. Ilikuwa miaka ya ruksa. Madukani kulikuwa kumefurika vitu ambavyo zamani ulivisikia kwa waliosafiri: redio za kaseti, mitumba, vipuri vya kila gari lililokufa duniani. Hemedi alizama kwenye kasha lake akaibuka na taa ya nyuma ya gari dogo, pana kama kisahani cha chai, na balbu ya nyuzi mbili: uzi mmoja wa kuwaka muda wote, wa pili wa kuwaka kwa nguvu ukishika breki. Akaikatia bati, akaifunga juu ya madigadi ya nyuma, akaongeza viakisi viwili vyekundu alivyovibandua kwenye tela bovu.

"Swichi ya mguuni imeoza kwa tope," alisema. "Nimeichukulia hapa mkononi. Ona." Akabinya breki ya mkono, ile ya gurudumu la mbele. Ukuta mzima wa kibanda ukawa mwekundu.

Nilicheka kwa furaha. Akili yangu ilikuwa imeshafika Muhoro.

Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, niliiacha Kibiti. Kulikuwa na ukungu na harufu ya mikorosho iliyolowa. Hadi Ikwiriri nilipishana na malori matatu, na kila mara nilisogea pembeni nikasubiri vumbi litue. Ikwiriri nilikunywa uji na vitumbua kwa mama mmoja aliyeizunguka pikipiki yangu na birika mkononi.

"Hii taa au jiko?" aliuliza.

"Taa ya mkwe," nikamjibu.

"Basi mkweo anajua kudai."

Saa nne nilikuwa Ndundu. Pantoni ilikuwa ng'ambo, na malori yamepanga foleni, madereva wamelala chini ya injini zao. Nakumbuka mto ule ulivyokuwa siku ile, rangi ya chai ya maziwa, na wanawake wakiuza miwa na samaki wa kukaanga kwenye sinia. Siku hizi watu wanapita juu ya daraja kwa dakika moja, wala hawajui wamekosa nini. Mimi nakutamani kungoja kule, ingawa enzi hizo nilikulaani kama wenzangu.

Baada ya kuvuka nilipita Nyamwage jua likiwa utosini, kisha nikaiacha barabara kuu. Njia ya kuingilia kwa wakwe zangu ilikuwa mchanga mtupu, laini kama unga. Mchanga wa Rufiji una sheria moja ambayo kila mwenye pikipiki aliijua: breki ya mbele usiiguse. Ukiishika, gurudumu linazama, na wewe unatangulia kufika. Tulisimama kwa gia na kwa mguu wa kulia. Mkono wa kulia ulikuwa wa kuvuta mafuta tu, wa kwendea. Niliendesha hivyo njia nzima bila kulifikiri, kama mtu asivyofikiri anavyotafuna.

Alasiri niliingia uani. Nilimwamkia Bi Somoe macho chini, kama inavyompasa mkwe. "Marahaba baba. Umekonda," alisema. Kisha Zaituni akatoka na kitu kidogo ndani ya kanga, akaniwekea mikononi. Rehema alipiga chafya. Nilisahau salamu zote nilizotumwa.

Lakini Bi Somoe hakusahau. Baada ya sala ya alasiri alitoka na mashangazi wawili wa Zaituni, akasimama katikati ya njia. "Panda," akaniambia. "Nenda mpaka msikitini, usimame. Mie niko huku nyuma nakuwa lori."

Mashangazi wakacheka. Nikawasha, nikaenda kwa mbwembwe, nikafika msikitini nikasimama, vumbi limenifunika. Nilipogeuka, Bi Somoe alikuwa anatikisa kichwa.

"Taa nimeiona," alisema. "Ila ulipokuwa unakwenda na uliposimama, ni ile ile. Lori lingejuaje?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilikuwa nimesimama kwa mguu. Taa ya breki ilikuwa mkononi, kwenye breki nisiyoigusa. Hemedi aliniambia, nami niliitikia kwa kichwa kisichokuwepo.

Ningeweza kusema kweli. Badala yake nilisema, "Ngoja mama, waya umecheza." Nikainama, nikashikashika waya usio na kosa, kisha pikipiki ikiwa imesimama vile vile nikabinya breki ya mkono. Taa ikalipuka nyekundu. Mashangazi wakapiga vigelegele. Bi Somoe aliitazama kwa muda, akasema, "Haya." Neno lile moja. Jioni ile nilipewa wali wa nazi na kamba wa deltani, nami nikala kama mtu aliyestahili.

Ijumaa asubuhi nilifunga mizigo. Zaituni alikuja na mtoto, amevaa tayari, lakini hakupanda. Alisimama karibu na usukani, akasema kwa sauti ya chini.

"Hiyo breki ya mkono umeanza kuitumia lini?"

Nikajifanya nakaza kamba.

"Baba Rehema. Nimekaa nyuma yako mwaka mzima. Sijakuona ukiigusa hata siku moja."

"Nitaigusa leo."

"Mchangani? Na huyu?" Akamfunua mtoto uso, amelala, mdomo wazi. "Likija lori, sisi ndio tunaogongwa kwanza, wewe wa mwisho. Nimwambie mama mimi, au utamwambia wewe?"

Nimewahi kuhutubia mikutano ya wakulima wenye hasira ya pembejeo. Sijawahi kutembea hatua ndefu kama zile kutoka kwenye pikipiki hadi mlangoni kwa Bi Somoe. Alikuwa anafunga mchele kwenye kikapu. Nikamweleza yote: mguu, mkono, mchanga, uongo wa waya.

Hakuacha kufunga. "Mie waya siujui, baba. Lakini jana mara ya kwanza ulikuwa unakwenda ukasimama, haikuongezeka. Mara ya pili iliwaka, na wewe umeshasimama. Aliyekwisha kusimama taa ya kusimama ya nini?"

"Kwa hiyo ulijua?"

"Nilikuwa nangoja useme. Usingesema, ningekuja kumtoa mtoto mgongoni kwa mkono wangu huu, na wewe usingekanyaga hapa tena." Akanikabidhi kikapu. "Nenda kaitie mguuni. Mkeo yupo, mwanao yupo. Hawaozi."

Saa tatu niliondoka peke yangu. Sitasahau uzito wa kiti kitupu nyuma yangu. Niliona aibu, na nilikuwa na hasira, kwanza kwa Bi Somoe, kisha kwa Hemedi, na kufika Ndundu hasira zote zilikuwa zimeishia kwangu. Kwenye pantoni nilisimama kando ya lori nikaangalia kioo chake cha mbele, jinsi vumbi lilivyokigandia, na jinsi dereva alivyoacha katundu kadogo ka kuchungulia. Nikajiuliza ningeonekana vipi ndani ya katundu kale.

Kibiti nilifika saa kumi. Hemedi alinisikiliza, akapangusa mikono. "Si nilikwambia ya mguuni imeoza?"

"Uliniambia."

"Basi mbona unanitazama hivyo?"

Swichi ilibidi iagizwe Dar es Salaam. Siku kumi nilingoja. Ilipokuja, Hemedi aliifunga juu ya kanyagio la breki, akaiwekea springi ndogo na kuiziba kwa mpira wa ndani wa baiskeli ili tope lisiingie. Nilikanyaga mara hamsini nikimtaka atazame, mpaka akanifukuza.

Safari ya pili Bi Somoe alisimama tena njiani, nami nikaenda tena msikitini. Safari hii hakusema "haya." Aliingia ndani, akamtoa mtoto mwenyewe, akamfunga mgongoni kwa Zaituni.

Saa nane mchana, kati ya Ndundu na Ikwiriri, lori lililoshuka na sisi pantoni lilikuwa nyuma yetu ndani ya vumbi la lori jingine lililokuwa limetupita. Mbele yangu baiskeli ya mtu wa nazi ikapinduka, nazi zikatapakaa barabara nzima. Nilikanyaga. Nyuma yangu nikasikia matairi yakilia na honi ndefu, na mkono wa Zaituni ukanikaba kifuani. Kisha kimya. Vumbi lilipotua, pua ya lori ilikuwa pale, hatua chache tu kutoka kwa mwanangu.

Dereva alichungulia dirishani, mweupe kwa vumbi hadi kope. "Sikukuona wewe, bwana," alisema. "Niliona nyekundu tu."

Zaituni alikuwa analia bila sauti. Rehema hakuamka.

Wengi wameniuliza nilijifunza nini katika kwenda na kurudi kule. Nilijifunza kwamba taa ya nyuma mwenye chombo haioni. Unaweza kujidanganya inawaka maisha yako yote. Anayeiona ni aliye nyuma yako, na ukibahatika kumpata atakayekwambia ukweli, mheshimu, hata akikurudisha nyumbani peke yako.

Tangu hapo, kila tulipotoka kwa Bi Somoe alitusindikiza hadi njiani, nami nikifika kwenye kona nilikanyaga breki mara tatu, ndiyo kwaheri yetu. Ilikuwa hivyo mpaka Rehema alipokwenda shule na wadogo zake wakazaliwa. Mwaka aliofariki Bi Somoe tulikaa matangani, kisha asubuhi moja tukaondoka. Kwenye kona mguu wangu ulikanyaga wenyewe, mara tatu. Zaituni aligeuka akatazama nyuma, ingawa wote wawili tulijua njia ilikuwa tupu, na akabaki amegeuka hivyo mpaka tulipoikata kona.