Benki Inataka Nimfute Mwenyekiti Wetu wa Kuzikana

Admin, kwanza nakuomba radhi. Ulinijibu kabla ya masika ukanitaka nieleze jambo langu lote, nami nikanyamaza hadi leo. Haikuwa dharau. Nilidhani litakwisha lenyewe, kumbe lilikuwa linakuja mlangoni kwangu. Naomba ufiche jina langu. Majina mengine nimeyabadilisha mwenyewe.

Mimi ni mwanamume wa miaka sitini na tisa, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, mgane, mkazi wa Igogo hapa Mwanza. Ni katibu wa kikundi chetu cha kufa na kuzikana. Mwanakikundi akifiwa tunatoa jeneza na usafiri, wanaume wanachimba kaburi, wanawake wanapika. Asiyekuwemo kikundini hatuendi kwake. Mwaka jana tulimwondoa mwenzetu mmoja kwa utoro. Mama yake alipofariki, tulikaa vibarazani tukimtazama akipita na vijana wa kukodi wenye machepe. Hakuna aliyeinuka. Huku kwetu adhabu hiyo inazidi jela.

Mwenyekiti wetu nitamwita Nyamizi. Anauza samaki, na hajui kumwogopa mtu. Vibanda vya wachuuzi vilipobomolewa kule ufukweni, alisema mbele ya simu za watu, akawataja wakubwa kwa vyeo vyao, na video ile ikaenea. Kisha akagombea udiwani kwa upande wa upinzani. Alishindwa, lakini hakunyamaza. Haukupita muda benki ikaifunga akaunti yake, halafu ikaifunga na ya kikundi, kwa kuwa yeye ni mmoja wa watia saini wetu.

Nilikwenda benki. Meneja wa tawi nilimfundisha akiwa mtoto. Alinipokea kwa adabu, akafunga mlango.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kosa letu ni nini?"

"Ninyi hamna kosa, mwalimu. Imetoka juu."

"Juu wapi?"

"Juu tu."

Nikamwambia, "Basi niandikie sababu, niwasomee wenzangu."

Akatazama mlango. "Sababu haiandikwi, mwalimu. Ila nakusaidia kama baba yangu. Leteni muhtasari wa kikao unaosema yule mama amejiondoa kikundini kwa hiari yake, akaunti itafunguliwa. Si kwenye saini tu. Jina lake lisiwemo kabisa. Uandike wewe na utie saini. Mkono wako wote tunauheshimu."

Kikao tulikifanya uani kwangu, Nyamizi mwenyewe akiwepo. Alikuja kama kawaida, amekaa mbele, kitenge kifuani. Baba Kulwa, fundi cherehani, ndiye aliyeanza. "Mimi siasa sizijui. Ninachojua, Mzee Masanja amelala hospitali na hali yake si nzuri. Akifa kesho, tutamvusha ziwa hadi Ukerewe kwa hotuba za mwenyekiti?"

Mama mmoja akamjibu, "Hee! Juzi ulikuwa unaichezesha video yake dukani kwako mpaka chaji inaisha, unacheka na kupiga makofi. Leo amekuwa na ukoma?"

Watu wakacheka, kisha wakanyamaza, kwa sababu mke wa Mzee Masanja alikuwa amejiinamia.

Baba Kulwa hakurudi nyuma. "Tumfute kule benki, huku mtaani akifa tumzike kama mwenzetu. Kwani nani atajua?"

Wengi wakaitikia kwa vichwa. Mimi niliyatazama macho yao, nikawakumbuka wakiwa vibarazani ile siku ya machepe. Aliyekwisha kufutwa, nani atakuwa wa kwanza kuinuka? Na mtu aliyeogopa kuandika jina lake atathubutu kuonekana na chepe kwenye kaburi lake?

Nyamizi hakujitetea. Alisema tu, "Mwalimu, andika. Mzee Masanja akifa, maiti yake isilale kwa ajili yangu." Akaondoka.

Jana asubuhi nilisikia mkokoteni ukisimama nje. Alikuwa yeye. Amepakia turubai letu na masufuria makubwa ya msiba, ambayo kwa desturi hukaa nyumbani kwa mwenyekiti. Aliyashusha mwenyewe, moja juu ya jingine, akakataa nimsaidie. Lile kubwa kuliko yote ndilo alilopikia siku zote za msiba wa mke wangu. Yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kuondoka jikoni, macho mekundu kwa moshi.

"Nimeyasugua," akasema. "Msije mkasema nimeyarudisha na masizi."

Nikamwambia, "Mama, sijaandika chochote."

"Utaandika. Nakufahamu, hupendi mtu ateseke." Kisha akauliza, bila hasira, "Siku yangu ikifika, mwalimu, wewe utakuja?"

Nikasema nitakuja.

"Peke yako? Na mgongo huo?" Akacheka, akausukuma mkokoteni wake.

Maisha yangu yote nimewaadhibu watoto kwa kuandika uongo. Leo nyumba za wenzangu zinangojea uongo wangu: kwamba mama huyu amejiondoa kwa hiari. Nisipoandika, mke wa Mzee Masanja, anayepita kwangu kila jioni kuuliza "Mwalimu, benki wamesemaje?", huenda akakosa namna ya kumpeleka mumewe kwao. Nikiandika, nitakuwa nimemzika Nyamizi akiwa hai, kwa mkono wangu unaoheshimiwa.

Masufuria bado yako kibarazani. Kuyaingiza ndani ni kukubali, na kumrudishia nimeshindwa, kwa kuwa sina la kumwambia. Wapita njia wanayatazama na kuniuliza, "Mwalimu, nani amefariki?"

Ninyi mnaosoma, mngekuwa mahali pangu mngeshika kalamu au mngeiweka chini? Niambieni bila kunionea haya, uzee si kinga. Nikishaamua, nitaandika hapa nilichokifanya, hata kama kitaniaibisha.