Bi Spana na Mguu wa Boti

"Mwenzangu, wewe na huo mguu mmefunga ndoa?" jirani yake mshonaji alimuuliza asubuhi moja, akichungulia juu ya ukuta. "Kila nikija kuanika nguo nakukuta umeukumbatia."

"Wivu tu huo," Bi Spana alijibu bila kuinua kichwa. "Huyu angalau hakoromi."

Mguu wenyewe ulikuwa wa boti ya zahanati: lile dude la chuma linaloning'inia nyuma ya boti, gia ndani, propela chini. Boti hiyo ndiyo iliyovusha wajawazito ziwani, na aliyeiendesha ni kaka yake, tumbo moja. Karakana ya baba yao ilibaki mikononi mwa Bi Spana.

Sasa maji yalikuwa yamemfika shingoni. Mara mbili alikuwa ameikuta oili ya gia imegeuka nyeupe kama chai ya maziwa, dalili kwamba maji yamepenya ndani. Mara mbili akabadilisha sili, ule mpira unaobana shafti ya propela. Mara mbili maji yakarudi. Mkunga mkuu wa zahanati akasema wazi: ikiharibika tena, boti inapandishwa nchi kavu moja kwa moja, na wajawazito watazungushwa kwa ile barabara ya mashimo.

"Nimeshazalisha mtu kwenye barabara ile," alisema. "Sitamani tena."

Bi Spana alimwomba Mungu kimoyomoyo, kama kawaida yake kabla ya kazi, akaanza upya. Alimwaga oili yote, akaunganisha pampu ya baiskeli kwenye tundu lake, akajaza upepo kidogo, akatazama geji ya pampu. Mshale tuli. Akapaka maji ya sabuni kila kiungo. Hata povu moja halikuvimba.

"Si unaona? Mzima," kaka yake alisema. "Dada, tukubali yaishe."

"Mzima akiwa amelala," Bi Spana alisema polepole. "Kaka, sisi siku zote tunampima amefungwa."

Maana propela ilikuwa imefungwa kamba. Ndivyo walivyolelewa: marehemu baba yao aliwahi kukatwa kidole na propela iliyogeuka ghafla, na tangu hapo hakuna aliyegusa mguu wa boti katika karakana ile kabla ya kuifunga propela. Hata huu, uliokuwa umelala mezani, mbali kabisa na injini ya kuizungusha.

"Baba angekuona!"

"Baba, Mungu amrehemu, angenishikia tochi. Sogea huko."

Akafungua fundo. Akaizungusha propela kwa mkono, taratibu. Mshale ukaanza kushuka. Pale shafti inapotokea, povu la sabuni likavimba, likapasuka, likavimba tena.

"Huyo! Nimemkamata!" Bi Spana alipiga kelele mpaka mshonaji akaangusha vibanio vyake.

Aliichomoa shafti, akapitisha ukucha juu yake. Ukucha ukanasa. Mshipi wa mvuvi uliowahi kujiviringisha pale ulikuwa umechimba mfereji mwembamba hasa mahali sili inapokalia. Shafti ikisimama, sili inabana, ikizunguka, inapitisha. Ungebadilisha sili mpaka uzeeke.

Shafti nyingine ikatafutwa, ikafungwa, na boti ikavuka na kurudi wiki nzima. Kisha, mbele ya watu wote gatini, Bi Spana akalegeza skrubu ya chini. Kaka yake alifumba macho kabisa.

Oili ikachuruzika safi, rangi ya asali.

Mshonaji akapiga vigelegele. Kaka mtu akamnyanyua dada yake juu juu, na grisi zake zote, akamzungusha kama mtoto. Mkunga, ambaye kumwona meno ni bahati, alicheka mpaka akajifuta machozi.

"Haya, sema mwenyewe," akamwambia. "Zahanati ikufanyie nini?"

Bi Spana akajipangusa mikono kwa kitambaa.

"Naomba mnivushe na mimi, niende na kurudi. Tangu boti hii ije, sijawahi kuipanda."