Nilipanda chiendent kwa shamba ya mama, nikizani naisafisha

Bakubwa ba hapa, jambo kwenu. Hii ilinifikia mimi mwenyewe, sitaongeza chumvi. Kunicheka mutanicheka tu.

Niko chauffeur wa benne, camion ya kubeba muchanga na mawe, hapa Butembo. Mama yangu iko na shamba moja tu, kwa mulima pembeni ya Rughenda. Njo ile ilitulisha, ikatukomalisha sisi wote.

Chini kulikuwa gravier ya muzuri, mawe madogo ya kujengea, donc tukapatana nichimbe kipande moja. Mama akaweka condition: udongo ya juu, ile nyeusi, tuitoshe kwanza tuweke pembeni, itarudi kisha.

"Sitaki kufa bila kukula tena maharagi ya pale," akasema.

Nikafanya vile. Mais ile kilima ya udongo nikaiacha wazi miezi mingi, bila kuipanda kitu. Chiendent ikaingia. Ile majani munaijua, mizizi yake mirefu inatembea chini chini.

Siku ya kufunika shimo, mama alikuwa Kayna kwa dada yake. Nikataka afurahi akirudi. Nikaita bajirani, tukafanya salongo, kazi ya pamoja. Tukakatakata majani na majembe, tukachanganya na udongo, tukatandaza yote. Nilijivuna kweli.

Kumbe kila kipande ya muzizi inaota tena yenyewe! Mvua mbili tu, shamba yote chiendent.

Mama akarudi, akasimama pale juu, akaangalia. Hakunitukana. Aliniuliza tu polepole: "Baba, umenipandia nini?"

Nilisikia haya mpaka nikakosa fasi ya kuangalia.

Kesho yake akakuja na kitunga, akakaa chini, akaanza kungoa mizizi na mikono. Na magoti inamuumaka, yule mama. Basi nikaachia mwenzangu benne, nikakaa pembeni yake.

Tulifanya wiki tatu, kila asubuhi. Tunalegeza udongo na fourche, ile uma ya kulimia, tunavuta muzizi muzima, tunaanika juu ya bati mpaka ikauke, njo tunachoma. Yeye ananihadithia namna baba alikuwa anakuja kumuposa na viatu ya kuazima. Tangu utoto sikuongea naye vile. Namupenda sana, bakubwa, nasema wazi.

Kisha tukapanda viazi vitamu karibu karibu, majani ifunike udongo, chiendent ikose jua. Kidogo yenye ilirudi tuliingoa na vidole.

Saison ya kufuata, wakati ya kupanda, tukatia maharagi. Juzi tulikula sahani ya kwanza. Mama alikula polepole, akaongeza.

Donc: udongo ya juu muiweke pembeni, muipande kitu mapema. Na chiendent, hapana kuikata. Benye muko na carrière, shimo ya kuchimba gravier, hapa ao Beni, nyinyi munafanyaka namna gani? Mutufundishe, wasingya kutsibu, aksanti sana.

Mimi naenda, mama ananingojea shambani. Nitangoa na mikono tu. Jembe yangu ameificha chini ya kitanda yake.