Nilivyomshuku binamu yangu kuihujumu bodi yangu inayoiga ubongo

Wakuu, salaam. Hili limenitokea majuzi tu na bado linaniuma, kwa hiyo nitalieleza lilivyo, hata pale linaponiaibisha.

Niko Bagamoyo. Elektroniki nimejifunza mwenyewe kwa video, sina cheti. Nilikuwa natumia meza moja na binamu yangu Rama, fundi simu, kwenye kibanda chake karibu na soko la samaki.

Mradi wangu ni bodi inayofanya kazi kwa mtindo wa ubongo. Kompyuta ya kawaida inahesabu muda wote. Seli ya ubongo inakusanya umeme kidogo kidogo, ukifika kiwango inafyatua, kisha inatulia. Nilitengeneza seli kama hizo kwa transista na kapasita za kutunza umeme, kila moja na taa yake.

Nilitaka isikilize mlio wa friza ya samaki na kumwonya mwenyewe kabla mota haijafa.

Najua chip za hivyo zipo nje. Nilitaka yangu.

Sasa, mimi nina ugonjwa wa usafi. Kila jioni nikimaliza kazi nilikuwa naisugua bodi kwa mswaki na maji ya ndoo, naikausha, ndipo roho inatulia.

Vikaanza vituko. Jioni naiacha nzima. Asubuhi nakuta taa zinachelewa, nyingine haziwaki kabisa. Mchana zinapona zenyewe.

Na anayefungua kibanda asubuhi ni Rama.

Nikaanza kumchunguza. Akipokea simu nje, natega sikio. Akiuliza mradi umefikia wapi, najiuliza anataka kujua ili iweje. Nikalaza uzi mwembamba juu ya bodi, asubuhi nikaukuta sakafuni. Feni ilikuwa inazunguka, lakini sikutaka kuifikiria feni.

Nikamuuliza, mbele ya mteja wake, nani anamlipa aichezee.

Hakupandisha sauti. "Nashika simu za watu na siri zao zote, hakuna aliyewahi kuniita mwizi. Leo unaniita wewe, mtoto wa shangazi? Hilo dude lako hata kupiga simu halipigi."

Yule mteja akachukua simu yake, akasema atapita baadaye. Hakupita. Na fundi simu anaishi kwa kuaminiwa.

Nikaihamishia bodi nyumbani, Kaole, nikalala nayo chumbani. Asubuhi taa zilezile zikachelewa.

Nikaiinua juani. Ukungu mweupe katikati ya njia za shaba. Nikaulamba: chumvi.

Yale maji ya ndoo ni ya kisima, wakuu. Mtu wa pwani mimi, maji ambayo hata chai hatupikii! Unyevu wa usiku ukishika ile chumvi, umeme unavuja kabla kapasita haijajaa. Jua likikausha, inapona. Kila nilipoisafisha, niliiongezea ugonjwa.

Nikaisafisha kwa spiriti, ikatulia. Nikaenda kumwomba Rama radhi. Akasema yameisha, akaniagizia chai. Yule mteja nilimfuata nikamweleza, akasema ameshapata fundi mwingine.

Nimerudi kwenye meza yetu. Ila droo ya Rama sasa ina kufuli, na akienda kuswali anaondoka na ufunguo. Sijamuuliza, na sina haki ya kumuuliza.

Nilichojifunza: kabla ya kuchunguza mikono ya mwenzako, chunguza yako.

Mnaolehemu huku pwani, bodi mnasafishia nini? Na aliyewahi kumtuhumu ndugu bure, ilichukua muda gani mambo kurudi? Nichaneni tu, nasoma zote.