Mulombwa wa Mbele ya Biro

Batu bakisema maisha ya kambi ya wachimba shaba hapa Kolwezi, wakati wa Babeleji, yalikuwa mazuri, mi nakataa. Kapita, musimamizi wa kambi yetu, ndiye alitaka kututupa njiani, na chefu wa kambi, muzungu, akamusikiliza. Hao wawili. Majina yao nayajua.

Mutoto wangu wa kwanza alikuwa anahara siku ya tatu. Kwa dispansere walinipa unga mweupe; haukusaidia. Mama yangu, kule Kasaji, alikuwa amenifundisha dawa ya ganda la mulombwa, muti ule wengine wanaita muninga, na mulombwa wa karibu ulisimama mbele ya biro, ofisi ya chefu. Nikaenda asubuhi, nikabandua kipande cha ganda, ukubwa wa kiganja kimoja, upande mumoja tu. Muti ukatoa utomvu mwekundu kama damu. Nikachemsha ganda, mutoto akanywa. Kesho yake jioni akaomba kula bukari.

Kapita aliona ile damu. Tangu nimukatalie kunywa bure pombe niliyokuwa napika, alikuwa ananitafuta. Akamuita chefu. Chefu akashika shina, vidole vikawa vyekundu. Akasema kifaransa, kapita akanigeuzia mu Swahili: "Muti huu umeuua. Mvua ya kwanza ikiukuta hauna majani, bwana yako anafukuzwa kazi, munatoka mu nyumba."

Bwana yangu akaniambia, "Mi nachimba shaba, we unachimba nyumba yetu." Akacheka kidogo, lakini hakula.

Kila asubuhi, nikienda kwa robine ya maji, nilikuwa natazama. Utomvu ulikauka, ukawa mugumu, mweusi, kama gaga la kidonda. Kisha kiangazi kikakaza, majani yote yakaanguka.

"Mama, umeanza kufunga bitu?" kapita akauliza.

"Tata kapita, we ukivua shati, unakuwa umekufa?"

Nilijibu hivyo kwa sababu mama alinieleza: mulombwa ukikosa maji unatupa majani, usiunyweshe bure; ukikatwa, unaziba kidonda kwa damu yake, wadudu na uozo wasiingie. Nilijua. Hata hivyo nilifunga sufuria mu kitenge.

Kiangazi kilipokaribia kwisha, vumbi likiwa bado vumbi, matawi matupu yakatoa maua ya manjano.

"Maua si majani," kapita akasema.

Nikarudi nyumbani, sikufungua kitenge. Siku zikapita. Kisha nyuma ya maua yakatoka majani madogo, laini, ya kijani, na mvua ilikuwa haijatonya hata tone. Chefu akasimama chini ya muti, akatazama juu, maua yakimwangukia kwa kofia. Akaingia biro, na habari ya kututoa mu nyumba ikaishia pale. Hakuna aliyeniomba musamaha, hata leo. Nilikwenda kufungua sufuria, nikapika.

Mwaka jana nilipita pale. Biro imebomoka, muti uko. Niliweka kiganja juu ya kovu. Ganda jipya limeingia kutoka pembeni. Penye palikuwa pa kiganja kizima, sasa panaenea vidole viwili.