Miche Katikati ya Muhogo

Msimu ule wanunuzi binafsi tuliporuhusiwa kununua korosho, pale Newala mjini nilipewa ushauri: huko Chilangala fanya biashara na vijana, wazee wameganda kwenye ushirika. Nikakuta kinyume. Wa kwanza kuning'ang'ania kwenye mizani alikuwa mzee Anselmo, juu ya baiskeli mpya, akibishania bei kuliko dalali. Asiyetaka kutoka shambani alikuwa mpwa wake, Gervas, kijana ambaye hata kuoa bado.

Wenzake walikuwa Dar es Salaam wakitembeza mashati. Yeye alipogoa mikorosho ya mjomba, akaipulizia dawa ya salfa, akapalilia. Lakini kwetu huku aliyeazimwa shamba, kama yeye, hulima muhogo na mbaazi, basi. Mti hapandi. Ukipanda mti, umeshasema pale ni pako.

Gervas alipanda. Miche ya mikorosho, katikati ya muhogo, akidhani majani yataificha mpaka ishike.

Siku niliyokwenda kupakia magunia, mzee alikuwa ameshaiona.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Hii nini?"

"Miche."

"Naona ni miche, mimi si kipofu. Ya nani?"

"Nataka kukaa hapa, mjomba. Niseme vipi tena?"

"Ukae! Kijana wa leo? Kesho nitasikia uko Kariakoo, umeniachia pori."

Helena, mama yake Gervas na dada wa mzee, akadakia kutoka jikoni, hatua chache na shamba: "Si aende tu! Wenzake wanaleta redio, yeye ananuka salfa. Nani atakubali kuolewa naye?"

"Mama, nikiondoka mtasema vijana wamekimbia. Nikibaki mnauliza nabakia nini."

Nikamvuta Anselmo pembeni. Mikorosho yake ilikuwa imezeeka, na mimi nataka korosho za miaka ijayo. Nikamwambia ampe kijana kipande.

Akacheka. "Mama Oscar, unadhani mimi hili shamba nililipataje? Nilipanda kwa mjomba wangu, hivi hivi."

Akarudi kwa mpwa wake. "Ng'oa, au tafuta pa kulala."

Gervas aling'oa mwenyewe, mche mmoja mmoja, akikung'uta mizizi taratibu kana kwamba ana pa kuipeleka. Hakuwa napo. Anselmo alimsimamia mpaka mche wa mwisho, kisha akanigeukia.

"Umeona, Mama Oscar? Vijana wa siku hizi hawadumu na kitu."