Kabla Kauli Haijakatika

Karakanani wanamwita Cheche, na siku hizi hata mama yake humwita hivyo akiwa amefurahi. Ni msichana ambaye hajafika thelathini, fundi wa kuchomelea vyuma. Mageti, madirisha ya nondo, ngazi za nje, yote hupita mikononi mwake, na mikono hiyo imejaa madoa meupe ya kuungua kama manyoya ya kanga. Zamani alikuwa mtu wa maneno mengi, kicheko kiko karibu. Kicheko kilianza kuadimika mwaka dada yake alipolazwa.

Dada alikuwa mwalimu, mkubwa wake, na walizaliwa wawili tu. Asubuhi moja alianguka bafuni, mshipa wa kichwa umepasuka. Tangu hapo alilala wodini chini ya shuka, mashine ikimvutia pumzi, wiki zikapita. Macho yake yalifunguka yenyewe, yakatazama dari, yasimtambue mtu. Madaktari hawakuficha. Walisema hatarudi alivyokuwa, kisha wakaiuliza familia: yeye mwenyewe angetaka nini?

Hapo ndipo nyumba ilipopasuka. Mama alisema mwanawe haachwi maadamu kifua kinapanda na kushuka. Shemeji, mume wa dada, alisema mke wake asingetaka kuwekwa hivi. Waligombana palepale, huyu upande huu wa kitanda, yule upande ule, na Cheche amesimama miguuni ameshika ncha ya blanketi, hana upande. Siku moja mama alimwambia mkwewe, "Unamharakisha mwanangu ili uoe." Neno likishatoka halina pa kurudi. Shemeji alichukua koti lake akatoka.

Dada hakungoja waelewane. Homa ya mapafu ilimchukua wiki iliyofuata. Baada ya maziko shemeji hakukanyaga tena nyumba ya mama mkwe.

Kilichomkaa Cheche rohoni ni macho yale. Alikuwa akijiuliza kama dada alisikia. Kila mara alijijibu kwamba hakusikia, angesikiaje mtu wa hali ile, na jibu hilo lilimtosha. Lilimtosha mpaka siku ya umeme.

Mvua ilikuwa imevuja karakanani na sakafu ilikuwa na maji. Waya wa mashine ulikuwa umechubuka mahali, hakuna aliyeona. Cheche aliushika ausogeze. Alichokuja kukumbuka ni saruji baridi shavuni, na sauti.

"Msimguse, umeme haujakatwa."

"Umekatwa. Mpeni maji."

"Maji ya nini? Yatampalia."

"Mpigieni mama yake."

"Mama yake ana presha, unataka misiba miwili? Mpigie mtu mwingine."

"Mtu gani sasa? Nani mwenye mtu huyu?"

Aliwajua wote kwa sauti. Alisikia bati likigongwa na mvua, alisikia mtu akilia pembeni. Alitaka kusema, niko hapa, nawasikia. Ulimi ulikuwa mzito kama fuawe. Alitafuta hata kidole kimoja akitikise, hakukipata. Walibishana juu yake kama watu wanaobishana juu ya gunia, limebebwa na nani na linashushwa wapi. Kisha kifua kikashtuka, akakohoa.

"Ulitaka kutukimbia geti la watu halijaisha?" bosi wake alisema. Watu walicheka kwa kupata nafuu. Cheche naye alicheka, halafu akaenda nyuma ya karakana akajifuta tope shavuni.

Sasa alijua. Mtu anaweza kulala kama gogo na akasikia kila kitu. Kwa hiyo huenda dada alisikia, na kama alisikia, basi mojawapo ya maneno ya mwisho aliyoyasikia kutoka kwa watu aliowapenda lilikuwa lile la kuoa.

Tangu siku hiyo kazi ilibadilika. Fundi wa kuchomelea akishusha kinyago, kabla moto haujawaka, kioo kinakuwa cheusi tititi. Ni kitambo kifupi tu. Katika weusi ule Cheche alianza kuyaona macho ya dada, yamefunguka, yanatazama juu. Akigusa chuma moto ukiwaka yanaondoka. Akawa anaharakisha kugusa, na maungio yake, yaliyosifiwa mtaa mzima, yakaanza kuwa na vinundu.

Alimweleza muuguzi aliyekuwa akimfunga kidonda cha umeme kiganjani. Hakukusudia, maneno yalitoka yenyewe. Muuguzi, mama wa makamo asiyependa kupoteza maneno, aliendelea kuzungusha bendeji.

"Kwa nini huandiki?" aliuliza.

"Niandike nini?"

"Unachotaka na usichotaka, siku usipoweza kusema. Na uchague mtu wa kukusemea. Mmoja, si baraza."

"Mimi si mgonjwa."

"Ndiyo maana nakwambia leo. Aliyekata kauli haandiki."

Cheche aliandika akiwa amekalia ndoo ya rangi, saa ya chakula, wenzake wakidhani anapiga hesabu ya vyuma. Lilikuwa jambo gumu kuliko alivyodhani. Kila sentensi ilimlazimisha ajione amelala. Aliandika kwamba kama ipo njia ya kurudi, apiganiwe hadi mwisho. Kama haipo, asivutiwe pumzi na mashine. Asinyimwe dawa ya maumivu. Kisha akaandika, kwa herufi kubwa kidogo: Msigombane mbele yangu. Tokeni nje.

Ilibaki nafasi ya yule mmoja. Mama? Mama ambaye hata kiti kilichovunjika mguu hakitupi, anasema kitapona. Cheche alikaa na nafasi hiyo siku kadhaa, kisha akaenda kumtafuta shemeji.

Alimkuta kwenye jengo jipya, anapaka rangi ukuta wa ngazi. Alikuwa amekonda, nywele zimeingia mvi ambazo hazikuwepo msibani.

"Shemeji."

"Cheche." Hakushuka kwenye jukwaa. "Mama hajambo?"

"Hajambo. Nimekuja na shida."

Alishuka, akafuta mikono, akasoma karatasi ile amesimama. Alipofika mwisho alirudi mwanzo.

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu ulisimama ukasema."

"Nilisema nikaitwa mwenye haraka ya kuoa. Sijaoa mpaka leo, Cheche. Zigo hili nimelibeba mara moja, mgongo haujanyooka. Tafuta mwingine."

"Mara ile ulibahatisha. Safari hii nimekuandikia."

Alitazama rangi ikichuruzika kwenye brashi. Hatimaye alisema, "Sitii saini kitu mama asichokijua. Nikitia kwa siri, siku hiyo ikifika tutaanza palepale tulipoachia."

Jumamosi mchana waliingia pamoja sebuleni kwa mama. "Karibu, baba," mama alimwambia mkwewe, kana kwamba alikuwa hapo jana, ila hakumtazama. Cheche alisoma karatasi yote.

"Huu ni uchuro," mama alisema. "Msichana mbichi, hata nyumba yako huna, unajichimbia. Mdomo huumba."

"Dada hakusema neno lolote, mama. Na alikufa."

Feni iligeuka upande huu, ikageuka upande ule. Kisha mama, kwa mara ya kwanza, alimtazama mkwewe.

"Alikuambia nini?"

"Nani, mama?"

"Mwanangu. Siku ile ulisema asingetaka. Nimelala na neno hilo na kuamka nalo. Mkiwa wenyewe, alikuambia nini?"

Shemeji alitikisa kichwa polepole. "Hakuniambia kitu. Hatukuwahi kuyazungumza. Tulizungumza ada, tulizungumza bomba la jikoni linalovuja. Nilimjua tu."

"Hata mimi nilimjua," mama alisema.

Hakuna aliyekuwa anadanganya.

Ndipo Cheche alipowaambia alichokuwa amekificha: saruji, sauti, kidole alichokitafuta asikipate. Mama alikuwa ameambiwa tu kwamba alipigwa na umeme kidogo. Alisikiliza mpaka mwisho, na mkono ukaenda mdomoni wenyewe.

"Kwa hiyo na yeye..."

"Sijui, mama."

"Ulisikia kila kitu?"

"Mimi, ndiyo. Yeye, sijui. Hatutajua."

Mama aliinuka akaenda chumbani, akafunga mlango. Shemeji alikwangua rangi kavu kwenye kucha. Mama alipotoka, alikuwa amenawa uso.

"Soma tena pale pa kutoka nje."

Cheche alisoma.

"Ongeza. Mtu mmoja abaki naye. Mkienda kugombana huko nje, msimwache peke yake."

Cheche aliongeza. Shemeji alitia saini. Mama alikataa kuwa shahidi, akasema mkono wake hauwezi kufika mahali hapo, na muuguzi ndiye aliyeshuhudia wiki iliyofuata.

Siku hizi shemeji hupita mara mojamoja. Wanazungumza habari za paa na bei ya saruji, halafu anaaga mapema. Neno lile la wodini halijaombewa radhi, wala hakuna anayelitaja. Cheche amerudia maungio yake mazuri, ingawa bado huchelewa kidogo kushusha kinyago, na wenzake wamejifunza kutomuuliza.

Juzi alikuwa akimsaidia mama kukunja nguo zilizokauka. Walishika shuka, huyu ncha hizi, yule ncha zile. Mama alisema, bila kuinua macho, "Mimi, siku hiyo, nataka dirisha liwe wazi."

Cheche alisimama na shuka mikononi, akingoja mengine.

"Ni hilo tu kwa leo," mama alisema. "Vuta, linagusa chini."